Milimita Mbili

Mjinga wa siku ile alikuwa yeye mwenyewe, na wala hakuwa na wa kumsingizia. Baadaye, alipokuwa akimsimulia mkewe, alijaribu kuugawa ule ujinga: kipande ampe mkuu wa stoo, kipande ampe aliyezifunga zile sindano, kipande kidogo tu abaki nacho yeye. Mkewe akaukataa mgao. "Wako wote huo," akamwambia. "Ubebe mwenyewe, una mabega mapana."

Kazini walimwita Mzee Milimita, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa mtu wa kupima kila kitu. Akiletewa ngozi, anapima unene. Akikaribishwa chai, anatazama imeishia wapi kwenye kikombe. Wakwe zake husema hata siku aliyokuja kuposa, alichungulia kwanza kama mlango wao umekaa sawa ndipo akapiga hodi. Rula yake ya chuma ilikaa mfuko wa kifuani wa koti la kazi, pale wenzake wanapoweka kalamu. Na kwenye ukosi wa koti hilohilo alichomeka sindano moja ya zamani, nene, iliyochakaa ncha, ambayo aliitumia kufumulia mishono iliyoharibika. Rula na sindano. Vyote viwili alishinda navyo mwilini siku ile, kuanzia asubuhi mpaka jua linageuka. Ndiyo maana hakuwa na wa kumsingizia.

Karakana yenyewe ilikuwa nyuma ya hospitali, baada ya chumba cha kufulia, banda la bati lenye sakafu ya saruji. Hapo ndipo ilipotengenezwa miguu ya bandia na mikanda ya kuishikilia, pamoja na vyuma vya kunyooshea watoto magoti. Zamani walikuwa mafundi watano. Wawili walistaafu, mmoja akafariki, mmoja akahamishwa, na kila barua ya kuomba wa kuziba pengo ilijibiwa kwamba imepokelewa. Basi akabaki yeye, feni isiyozunguka, na mashine.

Mashine ilikuwa cherehani la ngozi, jeusi, zito kama deni la ukweni, lenye mkono mrefu mwembamba ili mkanda upate kuvishwa juu yake na kushonwa ukiwa mviringo. Lilikuwa kubwa kwa umri kuliko mtoto wake wa kwanza. Ngozi ya tabaka nne liliipita kama kisu kwenye papai. Ila wiki hiyo lilikuwa na kichaa: linashona mishono mitatu mizuri, wa nne linauruka; linashona miwili, linaruka mitatu. Mkanda unatoka kama mdomo wa kibogoyo.

Asubuhi hiyo alifika saa mbili kasorobo kwa miguu. Nauli ilikuwa imepanda tena juzi, na tangu hapo miguu ndiyo iliyolipa. Miwani aliiacha nyumbani dirishani. Mkono mmoja wa miwani hiyo ulivunjika, na alipouliza bei ya kuubadilisha aliambiwa bei ambayo mwaka uliopita ingenunua miwani mizima, basi akawa anaivaa nyumbani tu, kwa kuifunga na uzi sikioni, asionekane na watu.

Kwenye benchi la nje alimkuta Mama Pasi amekwisha kukaa, magongo yameegemea ukuta, mguu wake wa bandia ameulaza mapajani kama mtoto aliyelala.

"Shemeji, umechelewa," akasema. Alimwita shemeji kwa kuwa yeye na mke wa Milimita walikulia mtaa mmoja. "Mimi mwenye mguu mmoja nimefika kabla yako mwenye miwili."

"Yangu inaenda kwa zamu."

"Leo ndiyo mara ya tatu. Jumatatu uliniambia njoo Jumatano. Jumatano ukaniambia njoo Ijumaa. Usiniambie tena njoo, maana nimeshakuja."

Alifanya kazi ya kupiga pasi kwenye duka la kufulia nguo, kutwa nzima amesimama. Mkanda wa paja, ule unaoushikilia mguu usichomoke, ulikuwa umefumuka. Siku nne alikuwa ameufunga kwa vipande vya shuka, na siku nne ulikuwa ukimvuka katikati ya kazi. Jana yake mwenye duka alimwita pembeni na kumwambia kwa upole, kama mtu anayekupa pole ya msiba, kwamba Jumamosi asipoweza kusimama asijisumbue kuja. Meza yake itapewa mwingine.

"Leo utaondoka umesimama," Milimita akasema.

"Hayo ni maneno au ni vipimo?"

"Ni vipimo."

Akaenda stoo. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba kosa ni la sindano: zile za mwezi huu pengine zimepinda. Dawa ni kuomba pakiti nyingine.

Mkuu wa stoo walimwita Bwana Utaratibu, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa neno lake la salamu, la chakula na la kuagana. Alikuwa mtu safi, mkarimu wa tabasamu, na meza yake haikuwa na kitu juu yake isipokuwa mihuri. Akasikiliza shida, akatikisa kichwa kwa huruma, akatoa pakiti ya sindano na karatasi tatu.

"Saini hapa, hapa, na hapa."

"Tatu zote kwa pakiti moja?"

"Utaratibu."

Milimita akazisogeza karatasi mbali, akazisogeza karibu. Herufi zilikuwa sisimizi. "Angalia tu usije ukawa unaniozesha mke wa pili," akasema, akatia saini mara tatu, kwa madaha, na mkia wa saini ya mwisho akauvuta mpaka ukingoni. Bwana Utaratibu akacheka sana. Alicheka kupita kiasi cha mzaha ule, na mtu mwenye kupima angelipima hilo.

Akarudi karakana, akafunga sindano mpya, akajaribu kwenye kipande cha ngozi chakavu. Mishono mitatu mizuri, wa nne ukarukwa.

Hapa ndipo ujinga ulipoanza kuota mizizi. Akajiambia: sindano ni mpya, imetoka pakiti iliyofungwa, na juu ya pakiti imeandikwa namba ileile ya mashine hii, basi kosa si sindano. Sindano akaitoa mawazoni kabisa, akafunga mlango. Kuanzia hapo akawa mtu anayetafuta ufunguo nyumba nzima na kuacha mfuko wake mwenyewe.

Akaanza na uzi. Akauchomoa wote, akaupitisha upya, kigingi kwa kigingi. Akalegeza mkazo wa juu nusu mzunguko, akajaribu. Vifundo vikatokea chini ya ngozi. Akaukaza, vifundo vikapanda juu. Akaurudisha mpaka vifundo vikazama katikati, panapotakiwa. Mshono ulipokuja ulikuwa mzuri wa kuchora. Tatizo ni pale usipokuja.

Akafungua bamba la chini, akatoa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na nyumba yake, akasafisha vumbi la ngozi kwa brashi ya mswaki mkuukuu. Akapapasa ile ndoano inayozunguka chini, yenye ncha iliyopinda, ambayo kazi yake ni kudaka uzi wa sindano na kuuzungusha kwenye bobini. Akaona ncha ina kikwaruzo. Akaisugua kwa msasa laini mpaka ikateleza kidoleni. Akatia mafuta matone mawili, si matatu. Akajaribu. Mishono minne mizuri, wa tano ukarukwa.

"Tunaendelea," Mama Pasi akasema kutoka kwenye benchi, ambalo sasa lilikuwa limeingizwa ndani kukimbia jua. "Saa hizi ni wa tano. Mwakani utafika wa kumi."

"Shemeji, fundi hasemeshwi."

"Nani anakusemesha? Naongea na mguu wangu."

Ilipofika saa sita alichukua hatua ambayo fundi hachukui mpaka ameishiwa: alilegeza skrubu za ndoano ili abadilishe wakati wake wa kudaka. Iko hivi. Sindano inashuka mpaka mwisho, halafu inapoanza kupanda, kidogo tu, uzi unafanya kitanzi ubavuni mwake, juu kidogo ya tundu. Hapo hapo ndoano inapita na kukidaka. Ikiwahi, hakuna kitanzi. Ikichelewa, kitanzi kimekwenda zake. Milimita akaiwahisha ndoano kidogo, akazungusha gurudumu kwa mkono, akachungulia kwa jicho moja, jasho likimdondoka puani. Mishono sita ikaja. Akatabasamu. Wa saba ukaja na uzi umechanika nyuzinyuzi kama nywele za mzee.

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nipe nami kazi," Mama Pasi akasema. "Nimechoka kukutazama unavyoteseka. Angalau nikufumulie hiyo mishono mibovu kwenye mkanda wangu."

Milimita akachomoa ile sindano ya ukosini akampa, na mkanda. Mwanamke akafumua mitatu, akaguna. "Hii butu. Inachimba, haifumui." Bila kuomba ruhusa akanyoosha mkono kwenye pakiti mpya juu ya meza, akatoa nyingine. Akaiweka kando ya ile ya zamani, juu ya paja lake, apate kuona ipi kali. Kisha akazipanga upya, vitako sawa.

"Shemeji. Hizi ni ndugu?"

"Ni mapacha. Namba moja."

"Hawa si mapacha. Huyu mpya amechutama."

Milimita akacheka. "Sindano haichutami, mama."

"Mimi nimetembea miaka miwili na mguu mliouchonga mfupi," akasema, na sasa hakuwa akitania. "Karatasi yangu ilisema mguu uko sawa. Kila nikija naonyeshwa karatasi. Nikaumwa kiuno mpaka nikawa naogopa kuinama. Mpaka wewe ulipokuja na hiyo rula yako ukanipima. Usinifundishe kitu kifupi kinavyosimama karibu na kirefu. Nakijua hata gizani."

Milimita akatoa rula. Akazilaza sindano mbili sambamba juu ya meza, vitako vyao vikigusa ukingo wa kipande cha mbao. Hakuhitaji miwani. Alihitaji ukucha tu, na ukucha ulipozama kwenye tundu la sindano mpya, tundu la ile ya zamani lilikuwa bado liko mbele.

Milimita mbili.

Akachukua nyingine kutoka kwenye pakiti. Milimita mbili. Akazipima zote kumi, moja moja, kama mtu anayejichapa kiboko mwenyewe. Zilikuwa sindano za mashine nyingine kabisa, nyembamba shingo, fupi, zilizotiwa ndani ya pakiti yenye namba sahihi. Tundu la sindano hizo halikufika chini panapotakiwa. Kitanzi kilifanyika juu, ndoano ikapita chini yake mikono mitupu. Na yeye, Mzee Milimita, kutwa nzima alikuwa akiipinda mashine nzima ifuate sindano mbovu. Alikuwa amepima uzi, mkazo, ndoano, mafuta. Kitu kimoja tu hakukipima, kile ambacho karatasi ilikuwa imekisemea.

"Cheka tu," akasema.

"Sicheki," Mama Pasi akajibu. "Nitacheka nikishasimama. Saa ngapi?"

"Saa nane na dakika kumi."

Alichomoa sindano fupi. Akairudisha ndoano kwenye alama yake ya kiwandani, mistari miwili ikitazamana, akakaza skrubu. Kisha akachukua ile ya zamani, ile aliyoidharau hadi kuifanya kijiti cha kufumulia, akaketi na jiwe la kunolea. Akainoa taratibu, pande zote, akiizungusha kati ya vidole, akiijaribu kwenye ukucha, akirudia. Ilikuwa moja tu. Ikivunjika, hakuna nyingine, wala leo wala mwezi ujao.

Akaifunga, mfereji mrefu wa ubavuni mwake ukitazama upande uzi unakotokea. Akapitisha uzi uliopakwa nta. Akauvisha mkanda kwenye mkono wa mashine, tabaka tatu za ngozi na sponji katikati. Hakukanyaga kanyagio. Alishika gurudumu kwa mkono wa kulia, mkanda kwa mkono wa kushoto, akazungusha polepole kama mtu anayechota maji kisimani na kamba yenyewe imechakaa.

Tak. Akachungulia. Umedaka.

Tak. Umedaka.

Kwenye kona, pale ngozi inapokunjwa na kuwa tabaka tano, alisimama, akapangusa mikono, akarefusha hatua ya mshono kwa nusu milimita ili sindano isisongwe. Mama Pasi alikuwa ameinama mbele kwenye benchi, macho kwenye sindano. Sindano ikazama, ikalia kidogo, ikatokea upande wa pili, ikapanda. Umedaka. Walipumua wote wawili kwa pamoja, na kila mmoja akajifanya hakumsikia mwenzake.

Ilipogonga saa tisa kasorobo alikata uzi. Akaugeuza mkanda. Juu mshono ulilala kama punje za mahindi kwenye gunzi. Chini vivyo hivyo. Hakuna uliorukwa. Akamkabidhi, na Mama Pasi akaingia na mguu wake nyuma ya pazia.

Hata pazia halijatulia, mlango ukazibwa. Alikuwa Bwana Utaratibu, shati limepigwa pasi, na nyuma yake mtu wa vyuma chakavu ameshika mipini ya mkokoteni.

"Pole na kazi, mzee wangu. Tumekuja kuichukua."

"Kuichukua nini?"

"Mashine. Imefutwa." Akanyoosha karatasi. "Hati ya kufuta kifaa. 'Nimeikagua, haishoni, haitengenezeki.' Saini yako hii hapa. Saini nzuri kweli, ina mkia."

Milimita akaitazama karatasi kwa mbali, akaisogeza karibu. Mkia aliutambua.

"Hii nilisaini asubuhi. Kabla sijaikagua."

"Nilikulazimisha?"

"Hapana."

"Nilikukataza kusoma?"

"Hapana. Sikusoma."

"Basi hapo mimi naingiaje, mzee wangu?" Alisema kwa upole kabisa. Hakuwa mtu wa kufoka.

"Lakini inashona. Njoo uone. Kosa lilikuwa sindano, zile ulizonunua wewe ni fupi."

"Pakiti imeandikwaje?"

"Imeandikwa sawa."

"Basi ni sawa."

"Njoo uone mshono, bwana. Hatua tatu tu kutoka hapo ulipo."

"Sikuja kuona, nimekuja kuchukua. Hati imepigwa mhuri, nakala imeshapanda ofisini. Mashine ikishona baada ya hati, hilo ni kosa la mashine." Akamgeukia mtu wa mkokoteni. "Ingia, anza na meza yake."

"Na wagonjwa?" Milimita akauliza. "Jumatatu nina mikanda sita, na vyuma vya magoti vya mtoto."

"Wataandikiwa kwenda duka la ng'ambo ya barabara. Wana mashine mpya kabisa."

Duka la ng'ambo ya barabara lilikuwa la mdogo wake Bwana Utaratibu. Kila mtu hospitalini alilijua hilo, na mkanda mmoja wa pale ulikula mshahara wa wiki mbili wa mpiga pasi. Milimita alijua pia kwamba hakuna la kusema, kwa kuwa kila atakalosema lina saini yake chini. Akaweka mkono juu ya mashine. Chuma kilikuwa bado na joto.

Mtu wa mkokoteni akainua mipini, akasukuma, kisha akasita.

Pazia lilikuwa limefunguliwa. Mama Pasi alitoka bila magongo, hatua moja, ya pili, mguu ukilia kidogo kwenye goti na mkanda ukiwa umemkaza pajani barabara. Alipita kando ya mashine, akapita kando ya Milimita, akaenda mpaka mlangoni; Bwana Utaratibu akarudi nyuma, nje. Mlango wa karakana haukuwa mpana. Akasimama katikati yake kama anavyosimama mbele ya meza yake ya pasi, mikono kiunoni, uzito wote ameutua sawasawa, kulia na kushoto.

"Mama, tupishe," Bwana Utaratibu akasema. "Unazuia kazi ya serikali. Hati imesema mashine haishoni, na hati ndiyo inayofuatwa."

"Hati ikisema hivyo ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo ilivyo."

"Basi niandike na mimi kwamba siwezi kusimama. Piga na mhuri. Halafu upitishe huo mkokoteni wako hapa niliposimama."